Mkono wa Yusta

Dozi ya kumi na moja iliingia Jumatatu alfajiri, malori yakiwa yamepangwa yadini Mafinga na nguzo za umeme mgongoni. Hakuna aliyeulizwa. Taa ndogo za kijani zilipepesa kwenye paji la kila lori, zikatulia, na kwenye kioo cha ndani likatokea neno moja: Tayari. Katika karatasi za kampuni ya Nyoofu kitu hicho kiliitwa sasisho. Madereva walikiita dozi, kwa sababu mgonjwa, walisema, haulizwi kama dawa anaitaka.

Kufikia Jumatano, Benaya Kihwele alikuwa ameshalalamika mara tatu. Kisheria hakuwa dereva tena, alikuwa msimamizi: anakaa nyuma ya usukani unaojizungusha wenyewe, anatazama barabara, na likitokea la kutokea anashika. Kila aliporipoti kwenye kioo, jibu lilirudi kabla hajameza mate. Tabia ya kawaida ya gari. Asante kwa mchango wako.

Mara ya nne hakuripoti kwenye kioo. Alipanda ngazi za ofisi ya mkufunzi mkuu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umekunjamana uso namna hiyo?"

Yusta Mgaya alikuwa na miaka hamsini na minane. Ishirini na sita kati ya hiyo aliiendesha milimani, kupanda na kushuka, bila kumkwaruza mtu. Ndiyo maana miaka sita nyuma Nyoofu walimchagua yeye. Walimketisha kwenye lori lililojaa nyaya na kamera, wakarekodi kila alichofanya kwa mikono na miguu yake kwa miezi minane, na kutokana na hayo wakaifundisha ile kompyuta waliyoiita Rubani. Picha yake ilitundikwa getini, kubwa kama mlango, na maandishi chini yake: Kila lori letu lina mkono wa Mama Yusta.

"Gari linavamia pembeni, Mama," Benaya alisema. "Mteremko wa Lugoda, kona ya pili. Matairi yote ya kushoto yanaingia kwenye bega la barabara, halafu linarudi kama hakuna kitu. Tangu lipewe hii dozi."

"Ukishika usukani?"

"Linaniachia. Lakini mpaka mkono ufike, limeshaingia na limeshatoka. Na pale pembeni siku hizi kuna watu."

Yusta alimtazama. Alimfundisha kazi huyu, akala sherehe ya ubatizo wa mwanawe. Hakuwa mtu wa kulia ovyo.

"Kesho tunaenda wote," alisema.

*

Walitoka saa mbili asubuhi. Yusta alikaa kiti cha abiria, mikono mapajani. Ukungu ulikuwa umeshainuka walipofika juu ya Lugoda, na lori likaanza kushuka taratibu, nguzo zikilia nyuma kwenye minyororo yake.

Kabla ya kona ya kwanza liligusa breki mara mbili, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi, kisha likaachia injini ishike uzito. Yusta akageuka ghafla akautazama usukani. Huo ulikuwa mguu wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemfundisha kugusa breki hivyo, na hakuwahi kumwona dereva mwingine akifanya. Alijifundisha mwenyewe, zamani, kwa kuogopa.

Kwenye kona ya pili barabara inakata kulia, na mwamba unakuzuia usione kinachopanda. Lori likajitupa kushoto. Matairi yakavuma kwenye kokoto, vumbi likatimka, lori likanyooka, likarudi kwenye lami. Hatua tatu kutoka kioo cha pembeni, wanawake wanne walikuwa wameketi kwenye vigoda nyuma ya majiko na magunia ya mahindi. Mmoja alivuta jiko lake kwa mguu bila kuinua kichwa, kama anayempisha mbuzi.

"Umeona?" Benaya aliuliza.

"Nimeona."

Aliona zaidi ya hilo. Miaka ishirini nyuma, kwenye kona ileile, tela lililokuwa linapanda na magogo lilijitanua ili mkia wake usikwaruze mwamba, likafagia pikapu iliyokuwa inashuka mbele ya lori la Yusta. Watu watano. Yusta alishuka akawafunika kwa turubai lake. Tangu siku hiyo hakupita tena pale katikati ya njia. Kabla hata hajaona kinachokuja, aliegemea kushoto, akakaa pembeni, akapisha hewa. Mara nyingi ilikuwa hewa tu. Mara mbili haikuwa hewa, na mara hizo mbili ndizo zilizomfikisha uzeeni.

Lakini yeye alikuwa akitazama moshi. Ukiwa juu ya kona ya kwanza, moshi wa majiko unaonekana ukipanda nyuma ya mwamba, na moshi maana yake watu. Siku za moshi hakuegemea. Alisimama juu, akapiga honi, akasubiri mpaka njia ijibu. Miezi minane ile ya kurekodiwa ilianza Juni ikaisha Januari. Mahindi mabichi Lugoda huanza Februari. Kamera zilichukua mkono wake ukipinda kushoto mara mia na zaidi, na hazikuchukua hata siku moja ya moshi.

Katika matoleo yote ya nyuma Rubani alikuwa mwoga, hatoki kwenye mstari wake. Wateja wakalalamika kwamba malori yanatambaa milimani kama kobe. Katika semina ya mwezi uliopita wakufunzi walielezwa kwamba toleo la kumi na moja litamwachia Rubani afuate zaidi uzoefu wa mwalimu wake. Yusta alipiga makofi pamoja na wengine.

"Mama, umenyamaza," Benaya alisema.

"Nafikiri."

"Nini kinalifanya liwe hivi?"

Angeweza kumwambia hapo hapo. Alifungua mdomo, akaona getini, akaona ile picha kubwa kama mlango, akaona madereva wakipita chini yake.

"Wataalamu watajua," alijibu.

Mchana huo aliandika taarifa. Lori linaegemea kushoto kona ya pili ya Lugoda. Lichunguzwe. Kila neno lilikuwa la kweli. Kulikuwa na kisanduku kingine chini, chenye maneno Kosa la mkufunzi, na kila mtu aliyefanya kazi Nyoofu alijua maana yake: ukikitia alama, malori yote yanasimama saa hiyohiyo mpaka kosa lipatikane. Yusta alikitazama kisanduku hicho kwa muda. Injinia anakuja Jumatatu, alijiambia. Nitamweleza ana kwa ana, kistaarabu. Siku nne tu.

Akaituma taarifa bila alama.

*

Simu iliita Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa anaanika nguo.

"Mama," sauti ya Benaya ilisema. Nyuma yake wanawake walikuwa wanapiga mayowe. "Mama, nimeua mtu."

Aliitwa Siwema Ngwada. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na watoto watatu. Wenzake watatu waliruka. Yeye alikuwa ameinama anapuliza jiko.

*

Injinia Rwehumbiza alifika Jumatatu kama alivyopangiwa. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na kila mara alimwamkia Yusta kwa kuinama kidogo. Siku hiyo pia aliinama. Kisha akaweka karatasi mezani.

"Pole sana, Mama. Ni pigo kwetu sote. Hili ni tamko la mkufunzi mkuu, polisi wanaliomba. Ukilisoma utaona ni fupi."

Yusta alilisoma. Lilisema kwamba msimamizi makini, aliyefunzwa vema, angekuwa na muda wa kutosha kushika usukani na kuzuia ajali.

"Muda gani?" aliuliza.

"Sekunde moja na nukta nne."

"Tangu lilipoanza kuegemea, au tangu lilipovuka mstari?"

Rwehumbiza alisogeza miwani. "Lilipoanza."

"Na kengele?"

"Haikulia, Mama. Rubani hakuona mtu pale. Siwema alikuwa amekaa chini, ameinama, kanga kichwani, gunia mbele yake. Mfumo ulimhesabu kuwa mzigo."

"Gunia."

"Mzigo, ndiyo."

"Kwa hiyo mashine yenye macho manane haikumwona, na Benaya mwenye mawili alitakiwa kumwona, ajue lori linataka kumfuata, na ashike. Kwa sekunde moja."

"Na nukta nne."

Yusta aliisukuma karatasi ikarudi upande wa pili. "Mwanangu, unajua lilijifunzia wapi kuegemea?"

Alitegemea atashangaa. Rwehumbiza hakushangaa. Alitazama mlango kama umefungwa vizuri, kisha akasema polepole, "Tunajua. Tumejua tangu Ijumaa. Taarifa yako ndiyo iliyotufanya tutafute kwenye rekodi zako."

"Ijumaa. Na Jumamosi mkayaacha yatembee?"

"Kusimamisha malori mia mbili kwa sababu ya kuegemea tu, Mama, bila ajali yoyote? Nani angesaini? Nilipeleka juu. Wakasema tusubiri Jumatatu. Na wewe hukutia alama kile kisanduku. Waliniuliza hilo. Nikasema pengine Mama hakujua."

Walitazamana, yeye na Alhamisi yake, kijana na Ijumaa yake.

"Ukisaini," Rwehumbiza alisema hatimaye, "jina lako halitajwi popote. Unastaafu Desemba kama ilivyopangwa. Benaya atapata wakili, kampuni itamsaidia, ni kijana, atatoka. Usiposaini, wataanza kuuliza ule mkono ni wa nani."

"Nipe mpaka kesho."

"Chukua kesho kutwa, Mama."

*

Siku ya pili yake alikwenda msibani. Alivaa kanga mbili na kubeba unga na sukari kama mwombolezaji yeyote, akapanda kwa mguu njia ya shamba kutoka barabarani. Wanawake walimsogezea mkeka. Hawakumjua. Pale kijijini waliwajua madereva kwa honi zao, si kwa sura.

Mume wa marehemu, Lutengano, alikuwa amekaa kwenye benchi na wanaume wenzake. Watoto wawili walikuwa wamelala kwa bibi yao. Wa tatu, msichana wa miaka kama saba, alikuwa akizunguka na jagi akiwanawisha watu mikono, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba akimwaga tone moja nje kitu kingine kitaharibika.

"Kamwene, mama," Lutengano alimsalimu alipopita kutoa pole.

"Kamwene. Poleni sana, baba."

"Tumeshapoa." Kisha, kwa kuwa alimwona ana umri na viatu vya mjini, akamwuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa amewauliza wengi. "Mama, wewe labda unaelewa. Polisi wananiambia dereva hakuwa anaendesha. Kampuni wanasema gari halikukosea. Mimi nauliza tu, nani alikuwa anaendesha? Mtu amekufa. Lazima kuna mtu alikuwa anaendesha."

Msichana alifika na jagi. Yusta alinyoosha mikono, maji yakapita juu yake. Alimwambia Lutengano kwamba hajui. Huo ulikuwa uongo wake wa pili, baada ya ule aliomwambia Benaya.

Kwenye mteremko wa kurudi barabarani alilazimika kukaa juu ya jiwe. Alijiwazia kwamba Alhamisi aliogopa kupoteza jina, na jina lenyewe lilikuwa hili: mwanamke asiyeweza kusimama mbele ya mtoto mwenye jagi. Asubuhi iliyofuata alimrudishia Rwehumbiza karatasi yake bila saini, akampigia wakili wa Benaya, akamwambia amwite kuwa shahidi.

*

Baraza la uchunguzi lilikaa Iringa, katika ukumbi wenye feni mbovu. Benaya aliletwa kutoka mahabusu, amekonda, shati limemlegea. Alipomwona Yusta kwenye kiti cha mashahidi alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona ndugu akishuka kwenye gari kuja kumchukua.

Yusta alieleza yote. Alieleza pikapu na magogo, alieleza moshi, alieleza Juni na Januari. Aliomba rekodi zake ziwekwe ukutani sambamba na za lori lililoua, na mwenyekiti akakubali. Mistari miwili ikatokea, mmoja wa miaka sita nyuma, mmoja wa Jumamosi ile. Breki mara mbili. Kushoto. Kunyooka. Mistari ilikaa mmoja juu ya mwingine, na ukumbini mtu alisikika akisema, "Mungu wangu."

"Huo ni mkono wangu," Yusta alisema. "Benaya hakuendesha. Kama mnataka aliyeendesha, mimi ndiye. Lakini mimi nilikuwa na macho, na macho yangu hawakuyachukua."

Alifikiri hapo ndipo kampuni itakapotaabika. Wakili wa Nyoofu alisimama bila haraka. Alikuwa mwanamke wa sauti tamu.

"Tunakushukuru, Mama, kwa ujasiri wako. Nina maswali machache tu. Kwa hiyo kosa hili halikutokana na programu. Programu ilitekeleza kwa usahihi kile ulichoifundisha?"

"Ilitekeleza nusu."

"Nusu uliyoifundisha. Ile nyingine uliwahi kumwambia injinia yeyote? Habari za moshi?"

"Hawakuniuliza."

"Uliwaambia?"

"Hapana."

"Alhamisi, siku mbili kabla ya kifo, ulipanda lori hilo. Ulitambua tabia yako?"

"Niliitambua."

"Ulitia alama kisanduku cha kosa la mkufunzi, ambacho kingesimamisha malori yote?"

"Sikutia."

"Kwa nini?"

Feni ilikuwa inagonga kitu. Yusta alitafuta jibu lenye heshima akalikosa.

"Niliona aibu."

Wakili akaketi. Yusta akapaza sauti, akasema kampuni nayo ilijua tangu Ijumaa, Injinia Rwehumbiza alimwambia kwa mdomo wake. Rwehumbiza akaitwa. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema hakumbuki mazungumzo ya namna hiyo. Nyoofu, waliorekodi kila pumzi ya kila lori, hawakuwa na rekodi ya ofisi ile.

Yusta alipogeuka kumtazama Benaya, tabasamu lilikuwa limekwisha. Benaya alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mtu usiyemfahamu aliyekaa kiti cha mtu unayemfahamu.

Baada ya wiki mbili uamuzi ulisomwa. Chanzo cha ajali ni mazoea hatarishi ya mkufunzi, aliyoyaficha kwa makusudi. Msimamizi Kihwele hana kesi. Leseni ya Yusta Mgaya imefutwa. Nyoofu waliagizwa waondoe kasoro hiyo, na wakili alisimama akasema imeshaondolewa: katika toleo la kumi na mbili, miezi yote minane ya Mama Yusta imefutwa. Picha ya getini ilishushwa siku hiyohiyo. Lutengano Ngwada alipewa nakala ya uamuzi, kurasa arobaini. Alimwomba karani amwonyeshe ni ukurasa gani uliomtaja mkewe.

Yusta aliwaandikia Nyoofu barua. Msiufute mkono wote, aliandika. Ongezeni moshi, msiondoe kona. Matela ya magogo bado yanapanda Lugoda na bado yanajitanua pale, na lori lisilojua kupisha litakutana nayo uso kwa uso. Barua haikujibiwa.

*

Benaya alikuja nyumbani kwake siku ya nne baada ya kutoka mahabusu, saa kumi jioni, akiwa amevaa sare ya kazi. Yusta alimwona kutoka dirishani, akakimbilia kuinjika chai, akafuta kiti.

"Karibu, mwanangu. Pita, kaa."

"Nitasimama hapa."

Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Hakumwamkia. Tangu amfahamu hajawahi kutomwamkia.

"Wenzangu wanasema nije nikushukuru," alisema. "Wanasema Mama amejitoa mhanga kwa ajili yako. Nimejaribu kulisema hilo njia nzima, halitoki."

"Benaya."

"Nilikuja kwako. Kioo kilinijibu ujinga, nikasema naenda kwa Mama, Mama atajua. Na kweli ulijua. Ulikaa pembeni yangu ukajua, nikakuuliza kwa mdomo, ukaniambia wataalamu watajua. Ijumaa nimepita pale mara mbili. Jumamosi nikapita tena." Sauti yake haikupanda. "Mimi ndiye niliyeshuka kumwangalia yule mama, si wewe. Mimi ndiye ninayemwona."

Yusta alisimama na sufuria mkononi. Alikuwa amejiandalia maneno siku zote nne hizo, juu ya siku nne alizojiomba na jinsi zinavyoonekana ndogo unapoziomba. Aliyatazama sasa akaona hayafai hata kumpa mbwa.

"Ni kweli," alisema.

"Basi." Aliivaa kofia. "Nilitaka tu uisikie kwangu."

"Umevaa sare. Wamekurudisha?"

"Naondoka saa kumi na moja, na nguzo."

"Usirudi, mwanangu. Tafuta kingine."

"Kipi, Mama? Nina mtoto."

"Basi nisikilize." Aliweka sufuria chini, akamfuata mlangoni. "Hili toleo jipya halijui ile kona. Litapita katikati ya njia kama kipofu. Ukifika pale usiliamini. Shika usukani kabla, gusa breki mbili, tazama moshi. Kama hakuna, kaa kushoto. Umenisikia?"

Kwa mara ya kwanza tangu afike uso wa Benaya ukalegea, karibu kumhurumia.

"Usukani wameufunga," alisema. "Tangu jana. Wanasema baraza limethibitisha kwamba kasoro ni binadamu. Unazunguka wenyewe, ukiushika hauachii. Sisi tunakaa tu."

"Sasa pale kwenye kona utafanya nini?"

"Nitafunga mkanda, Mama," alisema, akageuka, akashika njia ya yadini.